Ndege Imempeleka Mwansa Peke Yake

Kashikishi, upande wa Nchelenge,
Ziwa Mweru.

Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao ili asinung'unike mtu. Mguu wako unaokusumbua wakati wa mvua unaendeleaje? Na mama, bado anakohoa asubuhi na kukataa kwamba anakohoa? Nikiuliza haya yote usidhani nimetulia. Mkono unaandika salamu, moyo uko mahali pengine. Lakini mama alitufundisha kwamba hata nyumba ikiungua, mtu husalimia kwanza. Basi nimesalimu.

Sasa kama umesimama, kaa.

Mwansa, mke wangu ambaye hujamwona bado kwa macho, yuko Ndola hospitalini. Yuko peke yake. Hana mama, hana mume, hana hata jirani wa kumpa maji. Nakuandikia kukuomba uende kwake haraka iwezekanavyo. Nimeliweka ombi mbele kwa sababu nakujua: barua ikiwa ndefu wewe unaruka mpaka mwisho. Hii usiruke. Lazima ujue ilikuwaje, la sivyo utakapomkuta utaniona mimi mume wa ovyo.

Mwansa ana mimba, na imekwisha kuwa kubwa. Habari za zile mbili za kwanza ambazo hazikukaa unazijua. Hii ya tatu ilikwenda vizuri mpaka mvua zilipoanza. Ndipo miguu ikaanza kuvimba, nikadhani ni uzito tu. Kisha ukafuata uso, kisha kichwa, kikamuuma mpaka akawa anakifunga kwa kitambaa na kukaa ndani mlango umefungwa. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya hapa, alibonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akasema hii si kazi yake. Tukampandisha Kawambwa kwa lori, mimi, Mwansa na mama yake. Daktari wa kule naye akasema si kazi yake, ni kazi ya Ndola, na aende kwa ndege, maana kwa barabara atafika maiti. Alisema hivyo hivyo, mbele yangu, kwa Kibemba safi kabisa. Tangu siku hiyo neno hilo liko sikioni mwangu kama maji ya kuogelea.

Ndege ile ndogo huja Kawambwa na mifuko ya posta na wazungu wa serikali. Kwenu mnasema avio, hapa wanasema ndeke, lakini kwa jina lolote ni bati jembamba lililopigiliwa misumari midogo. Mimi ni fundi wa mashua, Yaya, nimeigonga kwa kidole na sikuupenda mlio wake. Nikamwuliza yule mhudumu wa hospitali, kijana mmoja mwenye kofia nyeupe, kutoka uwanja huu hadi uwanja wa Ndola ni mwendo wa muda gani. Akamwuliza rubani, akarudi akasema: karibu saa mbili, upepo ukiwa mwema ni pungufu kidogo. Sikuridhika. Nikamwuliza karani wa posta, naye akasema hivyo hivyo. Mchuuzi mmoja wa nyavu akaniambia ni nusu saa tu, lakini huyo hata uzito wa samaki hawezi kuusema bila kudanganya.

Tangu turudi Kashikishi nimekwenda hata kwa mwalimu wa shule ya misheni. Alitandika ramani mezani, akanyoosha uzi kutoka Kawambwa hadi Ndola, akasema ni maili mia mbili na kitu kwa mstari wa angani. Kwa barabara ni mbali zaidi sana, maana inabidi ushuke Fort Rosebery, uvuke Luapula kwa pantoni ya Chembe, ukate kipande cha Congo, ndipo utokee kwenye migodi. Wakati huu wa mvua lori linachukua siku tatu, likikwama ni zaidi. Nilikuwa nautazama ule uzi wa mwalimu. Ulipita juu ya nchi yetu, Yaya. Mwansa hajawahi kutoka ziwa hili, na siku ile alipita juu ya Congo, na wewe, huko Elisabethville, ulikuwa upande wake wa kulia, labda unaanika nguo. Nimeufikiria uzi huo mpaka nashindwa kupiga randa.

Sasa nikuambie jinsi alivyokwenda peke yake.

Wewe mambo ya ukwe unayajua, hata sisi nyumbani tunayashika. Lakini hapa wanayashika kwa meno. Bana Mwansa, yaani mama yake, ni mjane, mwanamke mrefu anayeuza samaki mpaka ng'ambo ya Pweto, anajua Kiswahili cha sokoni kuliko hata mimi. Kwa miaka yote niliyokaa na binti yake hatujatazamana usoni. Nikija njiani, yeye anaingia majanini. Akija yeye, mimi naingia majanini. Siku nyingine tunaingia wote wawili na njia inabaki tupu. Kisichozoeleka hapa ni mkwe kukaa karibu na mama-mkwe, au kula mbele yake, kabla hajaingizwa. Kuingizwa ni sherehe: upande wa mke unapika vyakula vyote, mume anakuja na ndugu zake, anaonyeshwa chungu kimoja kimoja, na tangu siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumba. Mimi sijaingizwa kwa sababu ndugu zangu hawajafika. Silaumu, Yaya, mpaka ni mpaka na safari ni safari. Nakueleza tu kwa nini ikawa vile.

Daktari alisema watu wawili wanaweza kumsindikiza. Mama wa kumuuguza, na mume wa kusema ndiyo kama madaktari watataka kumpasua. Mwansa alilazwa kwenye godoro chini ndani ya ndege. Kando yake palikuwa na kiti kimoja cha watu wawili, chembamba, ambacho wakikaa watu wawili mabega yanagusana. Mimi niliingia wa kwanza. Nikamshika mkono, akaniuliza, "Nani atanishika mgongo?" Huku mwanamke akijifungua mama yake anakaa nyuma yake, naye anaegemea kifua cha mama yake mpaka mtoto atoke. Nikamwambia, mama anakuja, atakushika. Halafu nikakitazama kile kiti.

Nikaona haiwezekani. Mimi nitakaaje bega kwa bega na Bana Mwansa, mbele ya binti yake mgonjwa, juu angani ambako hata hakuna majani ya kuingia? Nikawaza, anayehitajika zaidi ni mama. Nikamwambia Mwansa narudi sasa hivi, nikashuka, nikazunguka nyuma ya mapipa ya mafuta ili mama-mkwe apande bila aibu. Niliupa mgongo uwanja mzima, nikajifanya natazama milima.

Nisichokijua ni kwamba yeye alikuwa amefika karibu na ndege na kifurushi chake kichwani, akaniona mimi ndani, kwenye kile kiti. Naye akawaza kama mimi, ila kwa upande wake: anayehitajika zaidi ni mume, wa kusema na madaktari. Akageuka, akaenda kusimama nyuma ya lori lililotuleta, shuka usoni, ili mimi nisafiri kwa amani.

Hatukuwa tumeambiana lolote, kwa sababu hatusemi. Kila mmoja wetu alikuwa amejificha akifurahi kwamba amemheshimu mwenzake.

Upande wa ziwa kulikuwa na wingu jeusi likipanda. Rubani alitazama wingu, akatazama saa yake. Yule mhudumu akaita, "Ni nani anaenda na mugonjwa? Mutu moya ao babili, nafasi iko!" Mimi nilisikia, nikanyamaza, nikijua mama-mkwe anaitikia. Yeye alisikia, akanyamaza, akijua mimi niko ndani. Akaita tena. Kisha mlango ukafungwa kwa kishindo, injini ikanguruma, na mimi nikatoka nyuma ya mapipa kuitazama ndege ikiwapeleka wote wawili. Na Bana Mwansa akatoka nyuma ya lori kuitazama ikitupeleka sisi wawili.

Tulionana katikati ya uwanja. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Hakufunika, wala mimi sikuinamisha kichwa. Tulikimbia pamoja kuifuata ndege, mimi upande huu, yeye upande ule, kifurushi chake kikaanguka na unga ukamwagika kwenye majani. Ndege ikapanda, ikageukia kusini. Mhudumu alikuwa anatupigia kelele, "Sasa nyinyi mulikuwa wapi? Mulikuwa munafanya nini?" Sisi tulikuwa bado tunatazama juu.

Tukarudi kwa lori lile lile. Yeye mbele na dereva, mimi nyuma, kama kawaida. Nilikuwa nahesabu moyoni: sasa yuko juu ya Luapula, sasa yuko juu ya Congo, sasa anaona migodi. Tuliposhuka mlima na kuliona ziwa, nikajua amekwisha kutua, au hakutua. Mvua ilikuwa imetukuta njiani na niliogopa ile mvua kuliko nilivyowahi kuogopa mvua yoyote ziwani, hata siku ile mtumbwi wetu ulipojaa maji karibu na kisiwa cha Kilwa.

Nimekwenda boma la Nchelenge kila asubuhi kuuliza. Karani wa pale ni mtu mwema lakini hajui kufariji. Anasema, "Ndeke ingeanguka, tungekwisha kusikia." Hayo ndiyo maneno ninayolala nayo. Ya Mwansa mwenyewe hakuna anayejua. Sijui kama amejifungua. Sijui kama amepasuliwa na nani alisema ndiyo. Sijui kama mtu amemweleza kwa nini mume aliyesema "narudi sasa hivi" hakurudi. Hilo la mwisho ndilo linalonitesa zaidi, afadhali nikuambie wazi. Nalia, Yaya, nikiwa chini ya mashua ninayoitengeneza, ambako wateja hawanioni.

Nilikuwa nimeanza kuandika barua hii leo asubuhi, nimekaa barazani, nikasikia hatua uani. Alikuwa Bana Mwansa. Hajawahi kufika uani kwangu nikiwepo. Akakaa kwenye kinu cha Mwansa kilicholazwa chini ya upenu, akanipa mgongo, na mimi nikageukia ukuta nimpe mgongo. Akaanza kusema na kinu. Ni desturi yao: kama kuna jambo kubwa na hakuna mtu wa kutumwa, unasema na kitu, na mkwe anasikia.

"We kinu," akasema, "ule mutu mwenye iko anaandika, anaandikia nani?"

Nikauambia ukuta, "Anaandikia yaya yake wa Elisabethville. Bwana ya yaya anatumika kazi kwa reli. Anaweza kufika Ndola mbele ya siye bote."

Kisha akasema, "Basi aandike vile mi nasema. Mwansa hakulaka mayai tangu mimba. Bakimupa mayai, atayaweka chini ya kitanda, atabakia na njaa. Analalaka upande ya kushoto. Na hasemake kama anaumwa. Akinyamaza sana, njo kusema anaumwa sana. Ule yaya asingoje alie."

Nimeandika kama alivyosema. Ushike hilo la mwisho.

Halafu akauliza, "Kinu, ndeke inakamata muda gani mpaka Ndola?"

"Karibu saa mbili," nikasema. "Ni kama kupika sufuria moya ya kunde."

Nilisikia anafuta uso kwa kitenge.

"Sufuria moya ya kunde," akasema. "Na siye batu bakubwa tukashindwa kukaa pamoja hata ile saa ya kunde."

Nilitazama matofali.

Akaendelea: lori la Chola, yule dereva anayepeleka samaki wakavu migodini, linaondoka kesho kwa njia ya Chembe. Mbele, kando ya dereva, kuna nafasi ya watu wawili waliobanana, na yeye amekwisha kuzishika zote mbili. Nikauambia ukuta kwamba mama akae mbele, mimi nitapanda juu ya magunia.

"Juu ya magunia mvua itakupiga siku tatu," akasema. "Ukifika na homa, nani atasema na dokotoro? Utakaa mbele. Na mi nitakaa mbele. Mutoto wangu iko kule peke yake sababu ya haya yangu na haya yako."

Ndipo nilipotambua kwamba sauti imebadilika mahali. Hakuwa anasema na kinu tena. Nikageuka, nikamkuta amenielekea, uso wazi, ametoa kitambaani chungu kidogo cha kisamvu na ubwali, yaani ugali, wa moto, ameviweka katikati yetu. Akanawa, akamega, akala mbele yangu. Kisha akangoja. Nikanawa, nikala. Hakukuwa na ngoma wala ndugu wala mashangazi wa kuimba. Sijui wazee wa hapa watasemaje, na leo sina nafasi ya kuwauliza.

Basi kesho tunaondoka. Nina hofu na mambo mawili. La kwanza ni kile kipande cha Congo: niliondoka kwetu bila ruhusa, unajua, na askari wa mpakani wakiniuliza sana wanaweza kunishusha. Wakinishusha, Bana Mwansa ataendelea mbele, tumekubaliana. La pili ni siku. Watu husema kawia ufike, lakini mimba haijui methali. Ndiyo maana nakuomba wewe. Barua hii inavuka leo kwa boti la samaki hadi Kasenga, kisha inapanda lori la barafu. Samaki wa huku wanasafiri upesi kuliko watu, kwa sababu wao wakichelewa wanaoza na kila mtu anajua hivyo. Ukiipata, usingoje siku ya kufua wala siku ya kanisa. Shemeji akutafutie nafasi kwenye treni, uvuke Sakania, ushuke Ndola, uulize hospitali ya watu weusi, wodi ya wazazi. Uliza Mwansa wa Kashikishi aliyeletwa kwa ndege. Aliyekuja hivyo peke yake watakuwa wanamkumbuka.

Akiwa bado hajajifungua, kaa nyuma yake. Wauguzi wakikukataza, kaa hata hivyo. Wewe una kifua kipana na sauti ya kugombana, Mungu hakukupa vitu hivyo bure. Akiwa amekwisha kujifungua, nakuomba umchukue mtoto mikononi kabla hujauliza ni wa kiume au wa kike. Na kama ni habari ile nyingine, ambayo siwezi kuiandika, basi kaa nyuma yake vilevile, usimwache mpaka tufike.

Nakupelekea na barua hii kitunga cha samaki makobo wakavu na mfuko wa chisense, wale dagaa wa ziwani. Makobo ni wa mama, ampikie yule mzee jirani anayemchotea maji. Msalimie shemeji, mwambie deni la fadhili hii ni langu mpaka kufa. Msalimie shangazi wa kanisani aliyenipeleka kubatizwa kwa kunishika masikio, amwombee Mwansa kwa jina. Msalimie mdogo wetu wa mwisho, mwambie asijaribu kuvuka kuja huku mpaka nimwite. Na mama usimwambie yote. Mwambie unakwenda kumwona mkwe wake, inatosha.

Ukimkuta Mwansa amelala na macho wazi, usianze na mambo ya ugonjwa, wala usianze kunitetea. Mwambie tu kwamba mama yake na mume wake wako njiani, na kwamba wamekaa kiti kimoja, mabega yanagusana, tangu Kashikishi. Mara ya kwanza hataamini. Mwambie tena. Akicheka, hata kidogo, utajua hajanikasirikia. Asipocheka, mshike mgongo, Yaya, utungoje.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo ameingizwa ukweni bila wewe,

Ilunga.